Chetezo Kilichotoka Damu

Sajini Nathanieli Sheshe aliruka chini kabla lori la polisi halijasimama. Kwenye uwanja wa baraza la Kwemziwa, saa nne ya asubuhi ile ya Ijumaa, watu kama sitini walikuwa wamefanya duara. Katikati ya duara mwanamume alilala kifudifudi, na juu ya mwanamume yule alikuwa amejilaza mwanamke. Mawe yalimwangukia mwanamke mgongoni kwa mshindo mzito, kama viazi vinavyomwagwa kwenye sakafu ya mbao.

"Mosi! Piga juu!"

Konstebo Mosi alifyatua bunduki hewani. Mlio ulikwenda kugonga mlima wa ng'ambo, ukarudi. Watu wakajikunyata. Mmoja tu, jitu la mabega mapana lenye mpini wa jembe, hakusikia wala hakutaka kusikia; aliuinua mpini wake tena. Sheshe alimfikia kwa hatua tatu, akamchapa kirungu juu ya kifundo cha mkono. Mfupa ulilia. Mpini ukaanguka, na yule mtu akaanguka juu yake akipiga mayowe.

"Atakayerusha lingine ataingia Lushoto na pingu!" Sheshe alisema kwa Kiswahili. Kisha akalirudia neno lile lile kwa Kishambaa, lugha ya mama yake kule Mgwashi, na hilo la pili ndilo lililowaingia.

Duara likalegea. Sheshe alipiga magoti.

Mwanamke aliitwa Rahabu. Blauzi yake ilikuwa imechanika mgongoni na ngozi imechanika pamoja nayo. Mwanamume ambaye Rahabu alimkinga kwa mwili wake alikuwa mumewe, Yohane, mtu wa Mlalo, mpimaji wa matuta. Kazi hiyo ilitosha kumpatia mtu maadui katika mwaka ule wa hamsini na nne. Serikali ilitaka kila mteremko wa Usambara uchimbwe matuta ili mvua isichukue udongo, na wenye miteremko waliona wanachimbishwa makaburi ya mahindi yao. Yohane ndiye aliyekuja na kamba na vigingi vya chuma, akawaonyesha pa kuchimba.

Sasa taya lake lilikuwa limehama. Jicho la kushoto halikuonekana tena, uvimbe ulikuwa umelimeza.

"Kaua," sauti ikasema kutoka katika watu. "Kamuua Mwalimu wetu."

"Nani kamwona akiua?"

Waliokuwa mbele wakarudi hatua moja.

"Nauliza, nani kamwona?"

Mtu mmoja akajitenga na wenzake. Shati jeupe, kalamu mfukoni, mkono wa kulia umefungwa kitambaa. "Afande, mimi ni Shabani, karani wa baraza hili. Marehemu alikuwa baba mkwe wangu. Nitakueleza vizuri, bila fujo."

Na kweli alieleza vizuri, kama mtu anayesoma hukumu. Mwalimu Hassani Shekigenda, mzee wa miaka sitini, alikuwa amefundisha Kurani kijijini hapo tangu enzi za Wajerumani. Yeye ndiye aliyewaambia watu wakatae matuta. Jumatatu, mbele ya mashahidi, Yohane alimnyooshea kidole akamwambia atamkomesha. Jana Alhamisi alasiri, yeye Karani alipita kumjulia hali mzee.

"Nilimkuta amewasha chetezo chake cha Kichina, anafukiza udi, maana jana usiku yalikuwa yasomwe maulidi. Tukazungumza kidogo. Nikamwacha mzima, chetezo kinafuka moshi juu ya kigoda, nikarudi zangu ofisini. Muda si muda nikasikia mke wangu Hadija anapiga kelele nyumbani kwa baba yake. Tulipofika, mzee alikuwa chini. Kigingi cha chuma cha Yohane kando yake, kina damu na ngozi. Kina herufi za jina lake, Afande, amezichonga mwenyewe."

"Huo mkono?"

"Birika la chai. Leo asubuhi, kwa haraka za msiba."

Sheshe aliandika yote. Akaamuru Yohane apakiwe nyuma ya lori, juu ya magunia matupu, na Mosi asimame na bunduki. Kisha akapanda yeye mwenyewe na kuchuchumaa karibu na kichwa cha majeruhi.

"Yohane. Kigingi chako kilikuwa wapi jana?"

Mdomo wa Yohane ulitoa mapovu mekundu. Rahabu aliinama, akasikiliza, akasema: "Stoo ya baraza. Vifaa vyake vyote hulala stoo. Aliviweka Jumatano jioni, na jana hakuvichukua, alikuwa kitandani."

"Ufunguo wa stoo uko kwa nani?"

"Kwa karani."

"Mlinzi wa jumbe ameniletea shati hili sasa hivi," Sheshe alisema. Alilikunjua mbele yake: shati la kaki, limefuliwa, lakini kifuani limebaki doa pana la rangi ya kutu. "Limekutwa limeanikwa nyuma ya nyumba yenu. Ulilifua wewe?"

Rahabu alimtazama machoni. "Nililifua mimi. Damu ni yake. Jumatano alipigwa jiwe la mdomo huko huko kwa Mwalimu. Ndiyo maana jana alilala."

"Nani alimpiga?"

"Aliyempiga anajijua."

Sheshe hakupenda jibu hilo. Ufunguo mmoja haumtoi mtu kitanzini, wala neno la mke halimtoi. Alimwachia Mosi maji ya chupa yake, akashuka kwenda kuiona maiti.

* * *

Nyumba ya Mwalimu ilikuwa ya udongo, ndefu, imepakwa chokaa, migomba nyuma na bonde mbele. Wazee walikuwa wamekaa nje na sanda imekunjwa tayari. Jumbe alimwomba kwa upole: mzee alale kaburini kabla ya sala ya Ijumaa.

"Nipeni nusu saa," Sheshe alisema. Alivua viatu, akaingia.

Ndani alikuwamo bibi mmoja peke yake, amekaa kwenye mkeka kando ya maiti kama mlinzi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mimi ni Mwanahawa. Huyu ni kaka yangu, tumbo moja. Tazama, usiogope. Nimekataa asioshwe mpaka serikali imwone."

Sheshe alifunua shuka. Kisogo cha Mwalimu kilikuwa kimebonyea kama kibuyu kilichokanyagwa. Alihesabu mapigo manne. La kwanza lilitoka nyuma na juu, mzee akiwa ameinama. Vidole vitatu vya mkono wa kushoto vilivunjika. Kwa hiyo baada ya pigo la kwanza alijaribu kujikinga kichwa. Mawili ya mwisho alipigwa akiwa tayari sakafuni, maana ubongo ulikuwa umeingia kwenye nyufa za udongo. Alichukua kigingi, akakipima na jeraha. Kiliingia sawasawa.

Basi silaha ilikuwa ndiyo hiyo.

"Mama, jana alikuwa na ugomvi na nani?"

"Na Yohane, watu watakwambia. Jumatano alikuja kupima shamba la kaka. Wanawake tukang'oa vigingi vyake tukavitupa mtoni." Bibi aliinua mkono wake wa kulia. "Jiwe lililomvunja mdomo nililirusha mimi. Andika. Alitoka damu nyingi shatini, akaokota vigingi vyake akaenda. Hakunirudishia hata tusi."

Sheshe aliandika. Shati lilikuwa limejibiwa, na aliyelijibu alikuwa dada wa marehemu mwenyewe.

"Na hicho hapo?" Alielekeza kalamu kwenye pembe ya chumba.

Penye kigoda, juu ya sakafu, palikuwa na vipande vya kaure nyeupe iliyochorwa buluu: mawingu, maua, na joka anayezunguka tumbo la chombo kama anayejifukuza mkia. Kifuniko chenye matundu kilikuwa kizima. Tumbo lilikuwa limepasuka pande tatu. Miguu ilikuwa mitatu, ya simba, na mmoja wao ulikuwa umeunganishwa na tumbo kwa pini nne ndogo za shaba, nadhifu kama mshono wa fundi nguo.

"Chetezo cha babu yetu," Mwanahawa alisema. "Alikuja nacho kutoka Pangani. Mguu ulivunjika njiani, mpagazi aliteleza. Babu akateremka tena hadi pwani kumtafuta fundi wa kukitoboa na kukitia shaba. Tangu hapo kimeunguza makaa miaka yote, na mguu haujalegea hata kidogo. Jana kimepasuka chenyewe. Watu wanasema kimemlilia mwenyewe. Kimetoka damu, si unaona?"

Sheshe aliona. Kwenye kingo za vipande palikuwa na michirizi myekundu iliyoteremka na kuganda kama machozi. Nje wazee walikuwa wamekwisha kuifanya habari hiyo muujiza.

Alichutama, akatazama muda mrefu. Nzi walijaa chumbani. Walitua kwenye sakafu palipokauka damu ya mzee, nyeusi kama lami. Walitua kwenye kigingi. Kwenye machozi ya chetezo hakutua hata mmoja. Na machozi yale, baada ya usiku mzima na asubuhi yote, yalikuwa bado mekundu, yanang'aa.

Alikwangua tone moja kwa ukucha. Likabanduka kama ganda. Akawasha kiberiti, akalisogezea moto. Tone likalainika, likavutika, likatoa harufu aliyoijua vizuri kuliko harufu ya nyumba yake. Kila wiki, kituoni Lushoto, alifunga bahasha za vielelezo kwenda Tanga, akazichomea kitu hicho hicho, akazipiga muhuri.

"Hii si damu, mama. Hii ni lakiri."

"Lakiri?"

"Nta ya ofisini, ya kubandikia mihuri. Mtu amekiunga chetezo hiki kwa lakiri. Aliyekiunga kwa shaba alijua kitatiwa makaa. Huyu wa pili alitaka tu kionekane kizima kabatini."

Mwanahawa alisogea kwa magoti. "Hakijavunjika tena, mwanangu. Tungejua."

"Kimewahi kutoka nyumba hii?"

"Mara moja. Mwezi wa Rajabu Hadija alikiazima, hitma ya mama mkwe wake. Kikakaa kwao wiki mbili. Mumewe mwenyewe ndiye aliyekirudisha, kimefungwa kwenye shuka, akakiweka kabatini kwa mkono wake. Kaka alimsifu kwa adabu hiyo."

Sheshe alikuwa amekiinua kipande kikubwa kuliko vyote, akakigeuzia mwanga wa dirisha. Kwenye ukingo wake, ndani ya lakiri iliyoganda, ulikuwa umenaswa unywele. Chini ya lakiri, kwenye kaure tupu, palikuwa na mstari mweusi mwembamba. Na huo alipoukwangua ulitoka unga wa rangi ya kahawia. Hiyo sasa ilikuwa damu, lakini ya zamani, damu iliyokuwapo kabla ya lakiri.

Aliuvuta unywele kwa ncha ya kisu. Ulikuwa mrefu, mweusi, umejikunja kwa kusukwa. Mwalimu Hassani alinyoa kichwa kila Alhamisi.

"Mama," aliuliza taratibu, "Hadija yuko wapi?"

* * *

Hadija alikuwa jikoni, nyuma, kwenye moshi. Alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na mitano hivi, kanga ameikaza kichwani hadi kwenye nyusi. Sheshe alimsalimia, akampa pole. Mwanahawa alikaa ubavuni pa mpwa wake.

"Jana ndiwe uliyepiga kelele?"

"Ndimi."

"Ulimwona Yohane?"

"Sikumwona mtu."

"Mumeo anasema alimwacha mzee anafukiza udi, chetezo kizima. Kweli?"

"Akisema mume wangu, ndivyo."

Sheshe alikunjua karatasi. Unywele ulilala juu yake, ncha moja ikiwa bado na tone jekundu. Hadija aliuona, na mikono yake ikaacha kufanya iliyokuwa ikifanya.

"Huu ulikuwa ndani ya ufa wa chetezo, umefungiwa kwa lakiri. Ni wa mwanamke. Sikuulizi ni wa nani. Naomba ufungue kanga."

"Nilianguka kisimani."

"Sijauliza ulianguka wapi."

Mwanamke alitazama mlango. Mwanahawa akamshika kidevu, akamgeuzia uso kwake, akamwambia kwa Kishambaa maneno machache ambayo Sheshe aliyasikia na hakuyaandika. Kisha akasema kwa Kiswahili, ili na serikali ielewe: "Mficha uchi hazai, mwanangu. Fungua."

Hadija alifungua. Juu ya sikio la kulia nywele hazikuwepo. Palikuwa na kovu bichi, refu kama kidole, lenye kona kali. Kipande kile cha kaure kilikuwa na kona hiyo hiyo.

Alipoanza kusema hakusita tena.

"Nilimwambia nataka kurudi kwa baba. Alikuwa anakunja shuka, chetezo kiko mezani. Alikichukua kama anakitazama. Sikuona kitu tena mpaka jioni. Nilipozinduka alikuwa anakiunga kwenye taa, anachomea ile nta nyekundu, anapuliza. Akaniambia nimeanguka kisimani."

"Na jana?"

"Nilikuja kumsaidia baba kwa ajili ya maulidi. Akatia makaa, akatia udi. Hata moshi haujapanda vizuri chetezo kikaanza kuvuja. Nyekundu, chururu, hadi kigodani. Halafu tumbo likafunguka kama boga, makaa yakamwagika. Baba aliyakusanya makaa pembeni, yakiwa bado mekundu, akaokota kipande, akauona unywele. Akanivua kanga bila kuniuliza." Aliikunja kanga magotini. "Akamtuma mtu kwa mume wangu: njoo, kuna neno juu ya chetezo."

"Neno hilo hilo? Juu ya chetezo?"

"Hilo hilo."

Kwa hiyo alijua anaitiwa nini kabla hajatoka ofisini, Sheshe aliwaza, na stoo iko hatua kumi kutoka mezani pake.

"Alikuja amevaa koti. Baba alimwambia, 'Binti yangu harudi kwako. Na Jumatatu nitakushitaki kwa zumbe, chifu wetu, mbele ya baraza unaloandikia wewe mwenyewe.' Akaweka kipande karibu na makaa, akainama kuokota vingine. Mimi nilikuwa mlangoni. Kigingi kilitoka kwenye koti." Hadija aliinua mkono, akaushusha. Mara nne. "Akataka kukichukua kile kipande chenye unywele. Lakiri ilikuwa inachemka bado, ikamganda kiganjani. Akakitupa. Akaniambia nihesabu mpaka afike ofisini, ndipo nipige kelele. Nikisema lingine, shangazi atafuata."

Mwanahawa hakulia. Alikuwa ameuma ukingo wa kanga yake hadi meno yakakutana.

"Leo walipompiga Yohane," Sheshe alisema, "ulikuwa wapi?"

"Hapa."

"Ulisikia?"

"Nilisikia kila jiwe."

* * *

Karani Shabani alikuwa peke yake ofisini, anaandika majina ya mashahidi dhidi ya Yohane kwa mkono wa kushoto, taratibu. Nyuma yake ukutani yaliegemezwa mapanga matatu yenye vibandiko, vielelezo vya kesi za mipaka. Sheshe alifunga mlango kwa kisigino. Jumbe na watu wake walikuwa uwanjani. Mosi kwenye lori.

"Karani, nisaidie lakiri. Nataka kufunga kielelezo."

"Bila shaka, Afande." Droo ikafunguliwa. Kijiti chekundu kikawekwa mezani, kimeungua hadi nusu.

"Mnapiga mihuri mingi hapa?"

"Ya kawaida."

"Jana ulimkuta mzee saa ngapi?"

"Saa tisa hivi."

"Udi unafuka."

"Unafuka."

"Mkazungumza."

"Kama robo saa."

Sheshe alichukua kiberiti, akawasha, akakiweka chini ya kijiti. Tone la kwanza lilidondoka kwenye orodha ya mashahidi kabla kiberiti hakijafika nusu.

"Robo saa juu ya makaa," alisema, "na hukuona kinavuja?"

Karani alitazama tone lile likigandia jina la mtu.

"Afande, mimi si mtaalamu wa vyombo."

"Sawa. Fungua kitambaa mkononi."

"Nimekwambia ni birika."

"Birika lina maji. Maji huacha lengelenge, hayaachi rangi. Fungua."

Karani akatabasamu, akaanza kufungua fundo kwa meno. Kisha mkono wa kushoto ukaruka, na kidau cha wino kikampasukia Sheshe usoni.

Jicho moja lilizimika, la pili likaona buluu tupu. Alisikia chuma kikikwaruza ukuta. Akajitupa pembeni, panga lilikata hewa, likakata kona ya meza, likarudi likamkata yeye chini ya kiwiko. Alihisi ubaridi kwanza, ndipo joto. Hakurudi nyuma, kwa sababu mwenye panga hutaka nafasi. Alijirusha ndani, kifua kwa kifua, akampiga kichwa puani. Wote wawili wakaiangukia meza, meza ikavunjika miguu. Karani alimtia vidole kwenye jeraha la mkono akavuta. Sheshe alipiga ukelele, akapapasa, akapata kigoda, akakishusha kwenye goti la mwenzake mara mbili. Pigo la pili lilileta sauti ya kuni kavu.

Hata hivyo karani alitoka. Alitoka kwa dirisha, akaanguka uwanjani, akainuka kwa mguu mmoja, panga mkononi. Alikokimbilia ndiko alikosimama jumbe na watu wake.

"Mshikeni Sajini!" alipiga kelele. "Amenunuliwa na Yohane!"

Kitambaa kilikuwa kimedondoka. Alinyoosha mkono wa kulia kuwaita, na watu wakakiona kiganja: nyama mbichi, na katikati yake, imezama kama iliyoota humo, bamba la nta nyekundu.

Bi Mwanahawa alikuwa amefika njiani, amemshika Hadija mkono. Hadija alikuwa kichwa wazi, hakuna kanga, kovu linatazamwa na kijiji kizima.

"Muulizeni hiyo nyekundu ni nini," Mwanahawa alisema. "Muulizeni aliiungulia wapi."

Karani alizunguka na panga lake, akamkata mtu wa kwanza aliyesogea, akamfungua shavu. Ndipo Mosi alipomfikia kwa nyuma, akamshindilia kitako cha bunduki katikati ya mabega. Panga likaruka. Watu wakamrukia kama walivyomrukia Yohane asubuhi, na yule yule mwenye kifundo kilichovunjika alikuwa ameokota jiwe kwa mkono wake mzima.

Sheshe alitoka mlangoni, damu inachuruzika vidoleni, uso nusu wa buluu. Alipita katikati yao, akasimama juu ya karani, mguu huku, mguu huku.

"Rudini nyuma."

"Ni huyu, Afande! Sasa ni huyu!"

"Asubuhi mlisema hivyo hivyo."

Bibi akamfikia mwenye jiwe, akamfungua vidole kimoja kimoja, akalichukua, akalitupa kwenye migomba. Yule mtu alibaki ameukunjua mkono kama anayeomba.

* * *

Mwalimu Hassani alizikwa kabla ya adhana. Lori liliondoka baada ya sala. Mwanahawa alikuwa amemfunga Sheshe mkono kwa kipande cha kanga, akakaza hadi vidole vikafa ganzi. Karani alifungwa pingu kwenye chuma cha nyuma, goti limevimba kama mtungi, na Mosi akakaa mbele yake na bunduki mapajani. Vipande vya chetezo vilikuwa ndani ya sanduku la risasi, kila kimoja kimefungwa karatasi yake na kupigwa muhuri.

Sheshe hakutaka kukaa mbele na dereva. Alikaa nyuma, kwenye ukingo, apate kuwaona wote.

Yohane alilala kwenye magunia. Pumzi yake ilikoroma. Rahabu alikaa kulia kwake. Shahidi wa pekee wa mauaji, Hadija, alipanda mwisho, na nafasi iliyobaki ilikuwa kushoto.

Rahabu alimtazama mpaka lori lilipoingia msitu wa Magamba.

"Wewe ulijua," alisema.

"Nilijua."

"Tangu jana."

"Tangu jana."

Rahabu alimpiga ngumi ya uso. Hakuwa na nguvu nyingi baada ya mawe yale, lakini alizitumia zote. Mosi akanyanyuka. Sheshe akamzuia kwa ishara ya kichwa. Hadija hakuinua mkono, hakufuta hata damu ya mdomo. Aliinyonya, akaimeza, akabaki ametazama mbao.

Barabara ilianza kuteremka. Kwenye kona ya kwanza lori liliyumba, na kichwa cha Yohane kikagonga ubao. Akalia kama mnyama. Rahabu alimkumbatia kifua, lakini mgongo wake mwenyewe haukumruhusu kumzuia mwili wote; kwenye kona ya pili akamponyoka, na kichwa kikagonga tena.

Chini yao bonde lilikuwa limejaa ukungu mweupe, na barabara ilijikunja ndani yake kona baada ya kona.

"Shika kichwa," Rahabu alisema bila kumtazama.

Hadija alisogea kwa magoti, akakipakata kichwa kile kilichovunjika mapajani mwake, mikono miwili.

"Si hivyo. Kaza. Kona zinazokuja ni mbaya zaidi."